Fahamu: Bodaboda ya umeme inajua nini kukuhusu?

Inakufuatiliaje?
Bodaboda nyingi za umeme jijini Nairobi hubadilishiwa betri vituoni. Mara nyingi betri ni mali ya kampuni, nayo huifuatilia kwa GPS. Baadhi ya kampuni huweza hata kuizima kwa mbali.

Kwa nini ni muhimu?
Kinga dhidi ya wizi, ndiyo. Lakini rekodi hiyohiyo ya GPS huweza kuonyesha dereva analala wapi, anasali wapi, anamtembelea nani. Abiria aliyeitisha safari kwa programu naye huacha alama.

Sheria inasemaje?
Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019; Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinakupa haki ya kujua kinachokusanywa na sababu yake. Tatizo, ridhaa ya kufuatiliwa huweza kujificha ndani ya mkataba wa mkopo wa pikipiki.