Herufi moja inaweza kukata unite mara mbili

Mtu wa Bukavu anatuma mesaji moja kwa ndugu yake kule intaneti haifiki, lakini unite zinakatwa kama za mesaji mbili. Namna gani?

SMS moja inabeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa pia. Herufi zote za Kiswahili zimo katika orodha ya kawaida ya simu, pamoja na «é», «è» na «à» za Kifaransa. Lakini «ê» ya «fête» haimo, wala emoji. Ukiweka moja tu, simu nyingi zinageuza mesaji yote, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Kwa hiyo mesaji ya herufi 130 inatoka mbili.

Kwa kuchunga unite, andika «fete» tu, na emoji uache.