Je, Wajua? Askari Aliyefukuzwa Huajiriwa Wapi

Je, wajua kwamba Marekani haina jeshi moja la polisi? Ina vyombo vya polisi takribani 18,000. Miji mingi ina vyake, kaunti nyingi zina vyake, majimbo yana vyake, na vyuo vikuu vingi navyo vina vyao. Karibu nusu ya idara za polisi za miji na vitongoji zina askari wasiofika kumi. Msomaji wa Tanzania au Kenya atulie hapa kidogo, maana bila hili mengine yote hayataeleweka. Kwetu IGP ni mmoja. Askari akivuliwa magwanda Mwanza, hana pa kwenda kuyavaa Mtwara, kwa sababu mwajiri ni yule yule. Kule, mkuu wa polisi wa kamji kadogo anaajiri mwenyewe na kufukuza mwenyewe, na kwa miaka mingi mwenzake wa mji wa jirani hakulazimika kumpigia hata simu kumuuliza kilichotokea.

Je, wajua wakuu hao wana chama tangu 1893? Kilizaliwa Chicago, na leo ni chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi. Walichokifuata wakati ule kilikuwa kushirikiana kuwakamata wahalifu waliofanya uovu mji mmoja na kukimbilia mwingine. Zaidi ya karne imepita, na sasa ajenda yao wanapokwenda kwa wabunge inamhusu pia askari anayefanya vivyo hivyo.

Je, wajua takwimu za uhalifu za Marekani zilianzishwa na wakuu wa polisi wenyewe? Chama hicho ndicho kilichobuni mfumo wa kuhesabu makosa kwa namna moja nchi nzima, na mwaka 1930 FBI ikakabidhiwa. Ulikuwa wa hiari, na hiari hiyo imeendelea kuwatesa. Tarehe 1 Januari 2021 FBI ilihamia mfumo mpya unaotaka maelezo mengi zaidi ya kila tukio. Polisi wa New York na Los Angeles, miji miwili mikubwa kuliko yote nchini, hawakuwa tayari, kwa hiyo takwimu za mwaka huo zikatoka bila wao. Ukisikia mwanasiasa ananadi kwa mbwembwe takwimu za uhalifu za Marekani za 2021, kumbuka hilo.

Je, wajua gari la wizi lilikuwa na kumbukumbu za kitaifa miongo mitatu kabla ya askari aliyefukuzwa? Januari 1967 FBI ilizindua kanzidata ya kitaifa. Mwezi Mei mwaka huo askari mmoja wa New York alilitilia shaka gari lililoegeshwa, akasoma namba yake kwenye redio ya upepo, akasubiri. Sekunde 90 baadaye akajibiwa: limeibwa Boston mwezi uliopita. Orodha ya kitaifa ya askari walionyang'anywa vyeti vinavyowaruhusu kufanya kazi ya polisi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Nayo haikuanzishwa na serikali. Inaendeshwa na IADLEST, chama cha wakurugenzi wa bodi za majimbo zinazosimamia viwango na mafunzo ya polisi.

Na je, wajua ukiifungua orodha hiyo unaona nini? Kidogo mno. Unaona jina, unaona jimbo na idara aliyotoka, unaona kwamba cheti kiliguswa, na unaelekezwa ofisi ya kuulizia. Jalada lenyewe halimo. Ofisa wa ajira inabidi anyanyue simu na kuuliza, asiponyanyua, basi. Orodha ina rekodi zaidi ya 30,000, lakini ni mkusanyiko wa zile ambazo majimbo yameamua kuzipeleka, na vigezo vinatofautiana. Jimbo moja humfutia askari cheti kwa kudanganya kwenye ripoti, jingine husubiri mpaka mahakama imtie hatiani.

Je, wajua jimbo la kwanza kujipa mamlaka ya kumfutia askari cheti lilikuwa New Mexico, mwaka 1960? Baada ya hapo majimbo yalifuata moja moja, kwa mwendo wa kinyonga. California, yenye watu wengi kuliko majimbo yote, ilisubiri hadi 30 Septemba 2021, siku gavana Gavin Newsom aliposaini sheria iliyopewa jina la Kenneth Ross Jr., kijana aliyeuawa na polisi mjini Gardena. Massachusetts ilitangulia kidogo: gavana wake alisaini tarehe 31 Desemba 2020. New Jersey ilifuata 2022, na leseni zake zikaanza kutumika 2024. Ukitembelea leo tovuti ya bodi ya California utawakuta waliosimamishwa na waliofutiwa vyeti kwa majina, na kila mwananchi anaruhusiwa kusoma. Miaka kumi iliyopita nani angelidhani? Jimbo hilo lilikuwa maarufu kwa kufungia mafaili ya askari kuliko karibu jimbo lolote.

Je, wajua Minnesota ndiyo ya kwanza kumtaka askari awe na leseni, kama daktari au wakili? Bodi yake iliundwa 1977. Inadai angalau shahada ya miaka miwili ya chuo, na leseni huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, kwa sharti kwamba askari awe amesoma saa 48 za mafunzo ya kazini katika muda huo. Na Minnesota hiyo hiyo ndiko George Floyd alikouawa na polisi, Minneapolis, 25 Mei 2020. Wanaoinadi leseni kama dawa ya kila kitu huupita mji huo haraka haraka. Kuna jambo jingine la siku ile ambalo halikusemwa sana: mmoja wa askari vijana waliomshikilia Floyd alikuwa katika zamu yake ya tatu tangu awe askari kamili, na aliyekuwa mkufunzi wake wa kazini ni yule yule aliyeweka goti shingoni.

Utaratibu huo wa kurutu kupanda gari na askari mzoefu ulipata umbo lake San Jose, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukasambaa nchi nzima. Wakuu wa polisi wengi watakwambia faragha kwamba huko ndiko askari hupikwa, wala si darasani. Basi swali la nani anachaguliwa kuwa mkufunzi wa gari lina uzito kuliko mtaala wote wa chuo, na sheria nyingi za mageuzi hazikuligusa.

Je, wajua depo ya polisi Marekani ni wastani wa saa 833? Hiyo ni hesabu ya 2018, kama wiki 20 na ushei. Saa zipatazo 70 kati ya hizo ni za kulenga shabaha. California kima cha chini ni saa 664; hadi mwisho wa 2021, mtu aliyetaka leseni ya ususi na urembo katika jimbo hilo hilo alitakiwa kusoma saa 1,600. Baadaye za msusi zikapunguzwa, zikawa 1,000. Norway na Finland mafunzo ni miaka mitatu na askari anatoka na shahada.

Sasa turudi kwa askari anayehamahama: Cleveland, Ohio. Kisa hiki nitakisimulia polepole.

Tarehe 22 Novemba 2014 mtu mmoja alipiga simu polisi kuhusu mtu anayechezea bastola kwenye bustani. Alisema bastola hiyo pengine ni ya bandia, na mwenyewe pengine ni mtoto. Aliyepokea simu aliandika taarifa bila maneno hayo mawili. Askari waliotumwa waliambiwa tu kuna mtu ana silaha. Gari lilifika, na ndani ya sekunde mbili Tamir Rice, mwenye miaka 12, alikuwa amepigwa risasi. Bastola ilikuwa ya kuchezea.

Je, wajua askari aliyefyatua alikuwa ameshapimwa na kuonekana hafai? Miaka miwili kabla aliajiriwa na kitongoji cha Independence, jirani kabisa na Cleveland. Wakubwa wake waliandika kwamba alivurugika akili katika mazoezi ya shabaha na hakuweza kufuata maelekezo rahisi, wakapendekeza aachishwe. Alijiuzulu mapema, na karatasi ikabaki kabatini. Cleveland ilimwajiri bila kulisoma faili hilo. Jiji lilikuja kuilipa familia dola milioni 6. Mwaka 2017 likamfukuza, na sababu iliyoandikwa haikuwa kifo cha mtoto: ilikuwa kutosema kweli katika fomu ya maombi ya kazi. Mwaka uliofuata kamji ka Bellaire, Ohio, kakamwajiri; makelele yakapigwa, akaondoa ombi. Mwaka 2022 kijiji cha Tioga, Pennsylvania, kikamwapisha. Makelele tena, akaondoka tena. Mara zote mbili waliokumbuka ni wananchi na waandishi wa habari. Upungufu ulikuwa mara mbili, wa simu na wa faili, na wote ulikuwa wa habari iliyopo isiyofika kwa anayeihitaji.

Je, wajua wanaohamahama hivyo wamehesabiwa? Wanasheria Ben Grunwald na John Rappaport walipitia rekodi za askari 98,000 wa Florida, katika idara karibu 500, kwa miaka 30. Matokeo yalichapishwa 2020 katika Yale Law Journal. Katika mwaka wowote ule, askari wapatao 1,100 waliokuwa kazini walikuwa wameshafukuzwa kwingine, karibu asilimia 3. Na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufukuzwa tena kuliko wenzao. Kwa nini huajiriwa, basi? Fikiria kamji kenye bajeti ya kubana. Kurutu mpya inabidi alipiwe depo na mshahara miezi kadhaa kabla hajashika doria. Aliyefukuzwa anakuja na cheti mkononi na anaweza kuanza Jumatatu.

Je, wajua kuna orodha nyingine ambayo askari huiogopa? Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland, kwamba mwendesha mashtaka hana ruhusa ya kumficha mshtakiwa ushahidi unaoweza kumsaidia. Kutokana na hapo ikawa lazima kutaja kama askari anayetoa ushahidi amewahi kukutwa akidanganya. Waendesha mashtaka wengi hutunza majina ya askari wa aina hiyo. Anayeingia humo hana tena faida kizimbani: kila kesi yake wakili wa utetezi ataanza na uongo wake wa zamani. Lakini orodha hizo nazo ni kila kaunti na yake, kaunti nyingine hazina kabisa, na askari wa orodha ya kaunti hii anaweza kuwa shahidi safi kaunti ya pili.

Je, wajua marais watatu wamejaribu kuziba pengo hili? Jopo aliloliunda Obama lilipendekeza 2015 ile orodha ya IADLEST ipanuliwe iwe rejista ya taifa. Trump alisaini amri Juni 2020 ya kutaka kanzidata ya wanaotumia nguvu kupita kiasi. Biden alisaini yake 25 Mei 2022, na kanzidata ikazinduliwa Desemba 2023, kwa askari wa serikali kuu tu. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alirudi Ikulu, akafuta amri ya Biden siku hiyo hiyo, na kanzidata ikazimwa. Bungeni muswada wenye jina la George Floyd ulipita Baraza la Wawakilishi mara mbili, 2020 na 2021. Seneti haikuupitisha.

Kwa nini Washington haitoi amri tu? Je, wajua jibu limo katika kesi ya sherifu mmoja wa Montana? Jay Printz wa kaunti ya Ravalli aligoma kufanya kazi ya kuchunguza wanunuzi wa bunduki kwa niaba ya serikali kuu. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikampa ushindi: serikali kuu haina mamlaka ya kuwatuma maofisa wa majimbo kama watumishi wake. Tangu hapo, linalobaki ni kushawishi kwa fedha za ruzuku. Ndiyo maana wakuu wa polisi hukesha katika mabunge ya majimbo, na chama chao cha kimataifa kilipotaka mwaka 2020 idara zote zilazimishwe kushiriki orodha ya waliofutiwa vyeti, kilikuwa kinaomba kitu ambacho hakuna ofisi moja inayoweza kukitoa.

Je, wajua Maryland ilikuwa ya kwanza kuwatungia askari sheria ya haki zao wanapochunguzwa, mwaka 1974, na ikawa ya kwanza kuifuta, mwaka 2021? Majimbo mengine kadhaa bado yanazo.

Je, wajua masherifu, zaidi ya 3,000, wengi wao huchaguliwa kwa kura? Mkuu wa polisi akiharibu, meya humwondoa asubuhi moja. Sherifu akiharibu, mara nyingi mnasubiri uchaguzi.

Na kwa ndugu zetu walioko kule: je, wajua kuanzia 1 Januari 2023 California haidai tena uraia kwa anayeomba kuwa askari? Mwenye kibali halali cha kufanya kazi anaruhusiwa kuomba. Illinois ilipitisha yake 2023, ikaanza 2024, kwa sharti moja: sheria ya serikali kuu iwe inamruhusu mwombaji kumiliki bunduki. Mwenye green card anaruhusiwa. Kwa wenye vibali vingine, ulizia kwanza kabla hujaanza mazoezi ya kukimbia.