Bia Iliyomwagwa Kabla ya Kuuzwa

Katika mikutano ya vyama husikika kwanza habari za mtaji, kisha za soko. Ubora wa mali huja nyuma, kana kwamba utajiangalia wenyewe. Yafaa basi makatibu na wanachama wakijue kisa cha kiwanda cha bia cha Sierra Nevada, mjini Chico, katika jimbo la California, Marekani.

Ken Grossman na Paul Camusi walikuwa marafiki waliozoea kupika bia nyumbani. Mwaka 1976 Grossman alifungua huko Chico duka dogo la vifaa vya upishi huo. Mwaka huohuo Jack McAuliffe alianzisha huko Sonoma kiwanda kidogo kilichoitwa New Albion, nacho kikawatia moyo marafiki hao. Mwaka 1979 wakaunda kampuni yao. Mtaji ulikuwa mdogo, na sehemu yake ilikuwa mikopo ya jamaa. Mitambo mipya hawakuimudu. Wakanunua matangi yaliyokwisha kutumika katika viwanda vya maziwa, wakayachomelea na kuyaunganisha kwa mikono yao.

Bia yao ilihitaji vitu vinne tu: maji, kimea cha shayiri, maua ya hopi na hamira. Kimea ni nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, kama ulezi ufanywavyo kwa ajili ya mbege. Hulowekwa katika maji ya moto, na wanga wake ukageuka sukari. Maji hayo huchujwa, yakachemshwa pamoja na hopi iletayo uchungu na harufu. Yakishapoa hutiwa hamira, nayo hula sukari ikatoa kileo. Hapo ndipo penye taabu, maana hamira ni kiumbe hai. Joto likizidi, au hewa ikipungua mwanzoni, ladha hugeuka.

Walianza kupika Novemba 1980. Bia waliyoitegemea zaidi ilitiwa hopi ya aina ya Cascade, mbegu iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972. Ilinyweka bila shaka, na mwingine angeibandika lebo akaiuza, kwa kuwa madeni yalikuwa yakingoja. Lakini pishi moja halikufanana na jingine. Wakayamwaga mapishi kadhaa, wakirekebisha hili na lile, hasa kuipa hamira hewa zaidi, mpaka bia ikatulia. Ndipo walipoiuza.

Mkaguzi wa hesabu angeiandika bia ile kuwa hasara, naye angekuwa sahihi kwa daftari la mwaka ule. Daftari hilo, hata hivyo, halina safu ya mnunuzi aliyeonja mara moja asirudi. Chama kinachochanganya kahawa safi na iliyovunda ili kujaza gunia huiona hasara hiyo msimu wa pili, wakati hakuna tena cha kurekebisha.

Ubora peke yake haukutosha. New Albion, iliyosifiwa kwa bia yake, ilifungwa mwaka 1982, kwa kuwa ilikuwa ndogo mno kuzibeba gharama zake. Sierra Nevada ilikua, na mwaka 1987 ikahamia jengo kubwa zaidi mjini humo, lenye masufuria ya shaba kutoka Ujerumani.

Lipo pia suala la hisa, ambalo marafiki wengi huona haya kulizungumza siku ya kuanza. Mwaka 1998 Grossman alizinunua hisa za Camusi, na kiwanda kikabaki mikononi mwa jamaa yake.