Sura ya 7: Sifongo na Mpaka wa Joto

Sifongo ni mnyama asiye na moyo, ubongo wala tumbo. Uhai wake wote unategemea maji yanayopita mwilini mwake. Ngozi yake imejaa vitundu vidogo mno. Maji huingilia humo, hufuata mifereji hadi kwenye vijumba visivyoonekana kwa macho, kisha hutokea kwenye tundu kubwa. Ndani ya vijumba hivyo zimejipanga seli zenye vijimkia vyembamba. Vijimkia vikipigapiga, maji husukumwa na chembe za chakula hunaswa. Kwa siku moja sifongo huweza kuchuja maji yenye ujazo wa maelfu ya mara ya mwili wake.

Tena haishi peke yake. Kwa baadhi ya spishi, zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mwili ni bakteria na vijiumbe wengine, ambao humsaidia kupata lishe na kuondoa taka. Kwa hiyo bahari inapopata joto, hatuulizi tu kama sifongo atavumilia. Tunauliza pia kama ushirika huu utadumu.

Huko Australia, Nicole Webster na wenzake walimchunguza Rhopaloeides odorabile, sifongo wa Great Barrier Reef, kwa kumweka kwenye matangi yenye viwango mbalimbali vya joto. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba hadi nyuzijoto 31 za Selsiasi, bakteria wake walibaki walewale. Kwenye nyuzijoto 33, ndani ya siku chache, wenyeji hao walitoweka, bakteria wageni wakaingia, na nyama ikaanza kuoza. Uchunguzi wa baadaye uliuweka mpaka huo kwenye nyuzijoto 32.

Hata hivyo, madhara huanza kabla ya kuoza. Kwenye nyuzijoto 31, sifongo aliyeonekana mzima kwa nje alikuwa tayari anasukuma maji kidogo, na vijumba vyake vya kuchujia vilikuwa vimepungua na kusinyaa. Njaa humwanza kabla ya kidonda. La kushangaza ni kwamba mabuu ya sifongo huyohuyo yalistahimili hadi nyuzijoto 36. Mtoto huvumilia joto linalomuua mzazi, lakini akishajishikiza mwambani na kukua, naye hubanwa na mpaka uleule.

Maji baridi nayo hayana kinga. Mwaka 2022, wimbi la joto la baharini lilipopiga New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington walizamia Fiordland wakamkuta Cymbastela lamellata, sifongo wa rangi ya kahawia iliyokolea, amegeuka mweupe. Diatomu, yaani mwani wadogo mno wanaoishi ndani yake na kumpa rangi, walikuwa wamepotea. Waliokumbwa walihesabiwa kwa mamilioni.

Wapo sifongo wanaostahimili joto kuliko matumbawe, lakini wanaposhindwa, hasara huwafikia wengi. Mwaka 2013 Jasper de Goeij na wenzake, waliofanya utafiti Curaçao, walieleza jinsi sifongo wanavyofyonza lishe iliyoyeyuka majini, ambayo wanyama wengi hawawezi kuila, na kuirudisha kama seli wanazozimwaga. Kaa, konokono na wengineo hula mabaki hayo. Sifongo akipunguza kusukuma maji, chakula chao nacho hupungua.

Kwetu, suala hili limeshafika shambani. Jambiani, Zanzibar, ambako maji ya moto yamedhoofisha kilimo cha mwani, wapo wanawake wanaopanda sifongo kwa kuning'iniza vipande kwenye kamba baharini. Kila spishi ina mpaka wake, na ule wa Australia hauwezi kuazimwa. Lakini funzo lake linafaa: sifongo huweza kupendeza machoni huku ameshaanza kudhoofika. Mkulima na mtafiti wasisubiri kuona weupe au uozo. Wapime joto la maji shambani na waangalie jinsi vipande vinavyokua, kwa sababu ukuaji ukisimama, bado kuna muda wa kuvihamishia penye maji ya baridi zaidi.