Ardhi ya Singida Yaweka Hesabu ya Mvua

Kila mvua zinapochelewa katika Mkoa wa Singida, husikika maneno ya namna mbili. Wapo wasemao kwamba nchi ile hapo kale ilikuwa na neema tele, na kwamba ukame ni jambo la juzi lililoletwa na mashoka na mifugo. Wapo pia wasemao kwamba ukame ni ada ya nchi, hauna dawa, na mwenye busara ni yule anayehama. Kauli zote mbili hutolewa hata katika vikao vinavyoamua visima vichimbwe wapi na mbegu gani wagawiwe wakulima. Sisi tunaona kwamba shauri zito kama hili lisiamuliwe kwa kumbukumbu za wazee peke yake, ambazo hata zikiwa sahihi ni nadra kuvuka karne mbili. Ardhi yenyewe inayo kumbukumbu ndefu zaidi, na sehemu yake imekwisha kusomwa.

Kumbukumbu hiyo imo katika mashapo. Maji yatuamapo ziwani, tope jembamba hushuka chini tabaka juu ya tabaka, na pamoja nalo hushuka majani, chavua za maua, mifupa ya samaki na vumbi lililopeperushwa na upepo. Miaka ikipita, tope hugeuka jiwe, na kila tabaka hubaki na alama ya hali ya hewa ya siku zake. Anayejua kufunua matabaka hayo huyasoma kama karani asomavyo daftari la hesabu.

Daftari mojawapo la ajabu lipo Mahenge, magharibi ya mji wa Singida. Tunawatahadharisha wasomaji wasichanganye mahali hapo na Mahenge ya Ulanga. Zamani sana, mwamba wa moto wa aina ya kimbalaiti, ule ule ambao huko Mwadui ulileta almasi, ulipasuka kutoka chini ya ardhi na kuacha shimo. Shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo lililotulia. Chembe za madini ya zirikoni zilizotoka katika mwamba huo zina urani, ambayo hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Kwa kupima kiasi cha vitu hivyo viwili, wataalamu wamepata kwamba ziwa lile lilikuwapo miaka milioni 46 hivi iliyopita. Hapakuwa na binadamu popote duniani, na dunia kwa jumla ilikuwa na joto kuliko leo, hata nchi za karibu na ncha ya kaskazini zilikuwa na misitu na mamba.

Mahali hapo palijulikana kwa wataalamu kutokana na uchunguzi wa miamba ya kimbalaiti uliofanywa katikati ya karne iliyopita, na jina la mjiolojia G. W. Mannard linahusika sana na kazi hiyo. Mwaka 1960, P. H. Greenwood alimtangaza samaki mmoja wa Mahenge kwa jina la Palaeodenticeps tanganikae. Baadaye, pamoja na Colin Patterson, alimtangaza mwingine aliyepewa jina la mkoa wenyewe, Singida jacksonoides. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, uchunguzi ulioongozwa na Terry Harrison ulizidisha hazina hiyo: samaki wa jamii ya perege walioitwa Mahengichromis, chura aliyeitwa Singidella, na popo aliyetangazwa mwaka 2003 kwa jina la Tanzanycteris mannardi, ambaye mfupa wa sikio lake la ndani waonyesha kwamba alikwisha kujua kuruka gizani kwa kufuata mwangwi wa sauti yake.

Lakini kwa shauri letu la mvua, mashahidi wakuu ni majani. Mmea hauwezi kuhama unapopatwa na kiu, hubadili umbo. Penye mvua nyingi majani huwa makubwa, na mengi huwa na ncha ndefu ya kuchuruzisha maji. Penye kiangazi kirefu majani hupungua ukubwa, ili mti usipoteze maji kwa jua. Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen walipima majani ya Mahenge, wakayalinganisha na majani ya mimea ya leo kutoka sehemu za Afrika ambazo mvua yake inajulikana. Hesabu yao, waliyoichapisha mwaka 2004, ilitoa mvua ya karibu milimita 660 kwa mwaka. Miti iliyotawala ilikuwa ya jamii ya kunde, baadhi yake ya ukoo wa migunga na mingine ya ukoo mmoja na miti ya miombo tuionayo mpaka leo.

Tunaomba wasomaji waitazame vizuri tarakimu hiyo. Mvua ya Singida siku hizi huhesabiwa kuwa kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, tena katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kumbe miaka milioni 46 iliyopita, bara letu likiwa kusini zaidi ya lilipo leo na dunia ikiwa na joto jingine kabisa, mahali hapo palikuwa na mapori makavu yanayofanana na haya. Wale waliodhani kwamba Afrika yote ya kale ilifunikwa na msitu mnene wa mvua wamepata jibu kutoka katika jiwe la Singida.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba hali haikubadilika kamwe. Mahenge ni ukurasa mmoja tu wa kitabu kirefu. Kurasa za karibu zaidi zimesomwa katika maziwa mengine, nazo zaeleza misukosuko mikubwa. Mashapo ya Ziwa Viktoria yaonyesha kwamba ziwa lile, ambalo leo tunaliita bahari ya bara, lilikauka kabisa au karibu kabisa kati ya miaka 18,000 na 15,000 hivi iliyopita. Kisha ukaja muda mrefu wa mvua nyingi ulioyajaza maziwa ya Afrika Mashariki. Barafu ya Kilimanjaro iliyochimbuliwa mwaka 2000 na kundi la Lonnie Thompson ilikutwa na tabaka la vumbi la ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Yaani mvua yetu hupanda na kushuka, na inaposhuka yaweza kushuka kwa vizazi vingi.

Kwa hiyo kauli zote mbili tulizoanza nazo zina kasoro. Ukame wa Singida haukuanzishwa na mkulima wala mfugaji. Ulikuwapo kabla ya mwanadamu. Lakini haifuati kwamba matendo yetu hayana uzito. Mapori ya kale yaliishi kwa mvua hiyo hiyo kwa sababu mizizi ilishika udongo na majani yaliyoanguka yaliurutubisha. Mvua ya milimita 660 inayonyesha juu ya ardhi iliyofunikwa huingia chini, na ile ile ikinyesha juu ya ardhi iliyo uchi hukimbilia bondeni na udongo wetu. Kiasi cha mvua hatukukipanga sisi. Matumizi yake tunayapanga wenyewe.

Msomaji wa Visiwani aweza kuuliza, haya yanamhusu nini yeye aliyezungukwa na maji? Yanamhusu sana. Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamekuta katika matabaka ya udongo mifupa ya punda milia na nyati, pamoja na dalili kwamba watu waliishi humo zaidi ya miaka 17,000 iliyopita. Wanyama hao hawakuvuka kwa jahazi. Wakati huo maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa katika barafu, bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa mita 120 hivi, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pemba, kwa kina cha mkondo wake, ilibaki kisiwa. Majira yale yale yaliyokausha Ziwa Viktoria ndiyo yaliyomfikisha punda milia Jambiani kwa miguu. Bahari iliporudi, Unguja ikawa kisiwa, na punda milia wakatoweka. Mwenye shamba la pwani ambaye leo anaona maji ya chumvi yakiingia kisimani, na mfugaji wa Manyoni anayetazama lambo likikauka, wanahangaika na kitabu kimoja katika kurasa mbili.

Kutokana na hayo tunatoa rai tatu kwa wenye mamlaka. Ya kwanza, mahali kama Mahenge na Kuumbi palindwe kwa vitendo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ipo kwa upande wa Bara, lakini sheria haisimami langoni. Jiwe la tope hupasuka vipande likiguswa ovyo, na ukurasa uliopasuka haushoneki. Wananchi wa karibu waelezwe thamani yake, nao watakuwa walinzi bora kuliko bango lolote.

Ya pili, mashapo ya maziwa ya mkoa wenyewe, Singidani, Kindai na Kitangiri, pamoja na mbuga ya Wembere, yachunguzwe kwa mpango maalumu, na vijana wetu wa vyuo vikuu wawe ndani ya kazi hiyo tangu kuchimba hadi kuandika. Majina Singida na Mahenge yanatajwa katika vitabu vya kigeni, ilhali mtoto wa shule ya msingi ya Singida aweza kumaliza masomo bila kuyasikia kwa maana hiyo.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, wapangaji wa kilimo na maji waukubali ukame kuwa hali ya kawaida ya Singida. Mtama, uwele na alizeti vipewe heshima yake. Malambo na visima vihesabiwe kwa mwaka mbaya badala ya mwaka mzuri. Na pori linalobaki lichungwe kama ghala. Kupanga kwa kutarajia mvua nyingi katika nchi ambayo ardhi yake imekwisha kutoa ushahidi wa miaka milioni 46 ni kuomba njaa kwa barua rasmi.