Mchonga mawe, vumbi na mtoto mgongoni

Asubuhi katika vijiji vya Tabaka, Kaunti ya Kisii nchini Kenya, huanza na mlio wa panga juu ya jiwe. Mwanamume hukaa chini ya mti, jiwe kalibana kati ya miguu, akilipunguza kidogo kidogo hadi kiboko au twiga aanze kuonekana. Hatua chache pembeni, mkewe yuko na beseni la maji na msasa, akilainisha vilivyochongwa jana. Watoto wanacheza hapohapo, na kila kitu uani kina unga mweupe: majani ya migomba, viatu, hata sufuria.

Jiwe lenyewe huitwa jiwe la sabuni kwa sababu ukilishika linateleza. Ni laini kiasi kwamba panga, tezo na kisu vinatosha. Lipo jeupe, la waridi na la kijivu. Kulitoa ardhini ndiko kugumu. Vijana huingia mashimoni na sururu na mitaimbo, na msimu wa mvua kingo za mashimo hayo huwa za kuogopwa.

Wagusii walikuwa wakilitumia jiwe hilo kwa vyombo na mabao ya kuchezea muda mrefu kabla ya watalii kufika. Leo sehemu kubwa ya kazi huenda kwenye maduka ya vinyago ya Nairobi na Mombasa, na nyingine husafirishwa Ulaya na Marekani. Mchongaji wa kawaida hulipwa kwa idadi ya vipande, na dalali mwenye gari ndiye mara nyingi husema bei. Ada ya shule ikikaribia, hata mwenye kazi nzuri hukubali bei mbaya.

Wanachonga nini? Wanyama, kwa sababu ndio wanaouzika. Lakini kinyago kinachojirudia karibu kila karakana ni mama na mtoto, au familia iliyokumbatiana katika duara moja, wote wametoka katika jiwe moja bila kiungo. Mfano wake umekaa palepale uani, mtoto mgongoni na msasa mkononi. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri kuliko wote waliotoka Tabaka, alifikisha jiwe la kwao hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris, ambako sanamu yake ya ndege wa amani imesimama.

Kwa wazazi wa Songwe, hayo si mambo ya mbali sana. Jiwe maarufu kuliko yote mkoani hapa, Kimondo cha Mbozi, halichongeki. Ni chuma, na mwaka 1931 mtaalamu wa miamba alitumia saa 10 na msumeno wa chuma kukata kipande cha sentimita 10 hivi. Mawe mengine yote yanaangukia nyundo. Wapo wanaopasua kokoto, na wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Wilaya ya Songwe wanaosaga mwamba mgumu. Kama kule Tabaka, mara nyingi familia nzima ipo kazini.

Tofauti ipo kwenye vumbi. La mwamba wenye dhahabu ni baya zaidi, kwa sababu limejaa silika. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa macho. Huingia hadi mwisho wa mapafu, hukaa huko na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na huongeza sana uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Mwenye virusi vya Ukimwi na silikosisi kwa pamoja yuko katika hatari kubwa zaidi. Vumbi la jiwe la sabuni nalo si la kupuuzwa kwa sababu tu jiwe ni laini. Mapafu hayana kazi nalo.

Hapo ndipo akina mama wa Tabaka wana jambo la kuigwa, ingawa wanalifanya kwa ajili ya kung'arisha kinyago. Wanasugua jiwe likiwa limelowa. Maji hukamata vumbi kabla halijapaa. Anayepasua kokoto anaweza kumwagia jiwe maji kabla ya nyundo, akakaa upande upepo unakotokea, na akamweka mtoto mbali. Kitambaa cha kufunga puani huzuia vumbi kubwa tu. Lile dogo lenye madhara hupita. Nguo za kazi zivuliwe nje na mikono na uso vioshwe kabla ya kumpakata mtoto. Baba wengi husahau hili, maana mtoto humkimbilia akiwa bado yuko mlangoni.

Kuhusu watoto kusaidia kazi baada ya shule, wazazi wengi husema ndivyo wao walivyojifunza. Ni kweli, ufundi wa Tabaka umepokezwa hivyo. Lakini kuchora maua juu ya bakuli lililokwisha kusuguliwa na kuponda mwamba mkavu si kazi moja, na hii ya pili haimfai mtoto hata kwa saa moja.

Mtu mzima akikohoa wiki mbili au zaidi, akitoka jasho usiku au akikonda, apimwe kifua kikuu. Vipimo vya makohozi na dawa hutolewa bure katika vituo vya umma. Akigundulika, watoto wa nyumbani wapelekwe nao, hasa walio chini ya miaka 5, kwa kuwa wasiougua huweza kupewa dawa za kinga. Kwa mtoto, dalili huwa homa isiyoisha au uzito usiopanda.

Mweleze daktari kazi unayofanya na umeifanya miaka mingapi, hata asipouliza. Silikosisi na kifua kikuu hufanana kwa kikohozi na hata kwenye picha ya eksirei, na wapo wanaorudia dawa za kifua kikuu bila nafuu kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wanashinda kwenye mawe. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ina uzoefu wa kuhudumia mapafu ya wachimbaji, na daktari wa karibu anaweza kuandika rufaa.