Kukifikia Kiini cha Ubongo Bila Kisu: Utafiti Mpya na Mzigo wa Istilahi Katika Tana Delta

Kwa muda mrefu, daktari aliyetaka kuigusa sehemu ya ndani kabisa ya ubongo wa binadamu hakuwa na njia ila moja, nayo ni kutoboa fuvu. Tangu mwaka 1987, Alim-Louis Benabid na wenzake walipoanzisha tiba hiyo mjini Grenoble, Ufaransa, waya mwembamba umekuwa ukiingizwa hadi kwenye kiini cha ubongo na kuunganishwa na betri inayofukiwa chini ya ngozi ya kifua. Mapigo madogo ya umeme yatokayo kwenye betri hiyo hutuliza mtetemo wa mikono na ukakamavu wa viungo vya wagonjwa wa Parkinson. Tiba hii imewafaa makumi ya maelfu ya watu. Hata hivyo, ni tiba ya upasuaji, ina gharama kubwa, na mgonjwa hana budi kumrudia daktari kila betri inapokwisha.

Katika miaka ya karibuni wanasayansi wamejiuliza iwapo kiini hicho chaweza kufikiwa bila kisu. Makala haya yananuia kueleza majibu yaliyokwisha kupatikana, kisha kuyatazama kutoka Garsen, mji mdogo wa Kaunti ya Tana River ulio kwenye barabara itokayo Malindi kwenda Lamu. Huko, suala la tiba hugeuka upesi likawa suala la lugha.

Mikondo miwili inapokutana

Ugumu wa jambo hili si wa leo. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba sumaku yenye nguvu ikiwekwa juu ya kichwa huzalisha mkondo wa umeme ndani ya ubongo bila kuigusa ngozi. Lakini nguvu ya sumaku hupungua upesi kadiri inavyozama. Ikiongezwa ili ifike ndani, gamba la juu la ubongo ndilo litakalopata kipigo kikubwa zaidi. Ni sawa na mtu anayetaka kumwita aliye chumba cha ndani kabisa: akipaza sauti, wa ukumbini ndio watakaoshtuka kwanza.

Njia ya kulikwepa tatizo hilo ilitangazwa mwaka 2017 na Nir Grossman, Edward Boyden na wenzao, ambao walifanya majaribio yao kwa panya. Msomaji aliyewahi kumsikiliza mpiga udi akitia sauti nyuzi zake ataielewa bila taabu. Nyuzi mbili zikikaribiana sauti pasi na kulingana kabisa, sikio husikia wimbi la tatu, la polepole, linalopanda na kushuka. Wimbi hilo halitoki katika uzi wowote peke yake, bali huzaliwa na tofauti ya nyuzi hizo. Watafiti walipitisha mikondo miwili kichwani, mmoja wa mizunguko 2,000 kwa sekunde na mwingine wa 2,010. Seli za neva hazimudu kufuata mwendo wa kasi kiasi hicho, kwa hiyo kila mkondo ukiwa peke yake hupita bila kuzishughulisha. Lakini pale mikondo inapokutana kwa nguvu zinazokaribiana, jumla yake hupanda na kushuka mara 10 kwa sekunde, na mwendo huo seli huufuata. Mtafiti akizihamisha elektrodi au akibadilisha nguvu za mikondo, mahali pa kukutania nako huhama.

Mwaka 2023 ulileta habari za binadamu. Kundi la Ines Violante na Grossman lilieleza jinsi lilivyoifikia hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, kwa watu wenye afya. Mwaka uo huo kundi jingine, la watafiti wa Uswisi, liliielekeza mikondo kwenye sehemu ya ndani inayosaidia kujifunza miondoko ya mwili, na wazee walionufaika waliwapita vijana kwa kiasi cha faida. Yafaa kuongeza kwamba fuvu la mtu ni kubwa na nene kuliko la panya, na nguvu inayofika kiini ni ndogo mno. Mjadala kuhusu kiasi gani cha athari kinatokana na mkutano wenyewe, na kiasi gani kinatokana na yaliyopita juu ya ngozi na gamba la ubongo, haujafungwa.

Njia ya pili ni ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, jamaa ya yale yanayotumiwa hospitalini kumwonyesha mama mjamzito mtoto wake. Wimbi moja halina athari kubwa. Mamia yakielekezwa mahali pamoja, nguvu zake hujumlika hapo, kama miale ya jua inavyokusanywa na kioo cha kukuzia hadi karatasi ikaungua. Tofauti ni kwamba katika utafiti huu nguvu huwekwa chini ili pasiungue kitu. Mwezi Septemba 2025 watafiti wa vyuo vikuu vya London na Oxford walitangaza kofia yenye vyanzo 256 vya mawimbi. Waliielekeza kwa watu saba kwenye kituo kidogo cha ndani kinachopokea habari za macho, na katika jaribio mojawapo shughuli ya sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilipungua kwa muda usiopungua dakika 40 baada ya mawimbi kusitishwa. Jambo hili la kupungua lishikwe vyema, kwa kuwa litarejea tutakapofika kwenye istilahi.

Kutoka Garsen

Yote haya bado ni majaribio. Isitoshe, kofia ya mawimbi hufanya kazi ndani ya mashine ya MRI, na fuvu la kila mtu ni lazima lipimwe kwanza, kwani mfupa hupinda mawimbi kwa namna yake. Mashine hizo nchini Kenya ziko zaidi Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Garsen iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi, na mafuriko ya Mto Tana, kama yale ya 1997, 2018 na mwishoni mwa 2023, huikata barabara.

Kwa mgonjwa wa kifafa, barabara iliyokatika ina maana ya vidonge vilivyokwisha, na kuacha fenobabitali ghafla kwaweza kuleta kifafa kikali kuliko kile cha awali. Takwimu zilizo karibu zaidi ni za jirani, Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kitiba ya Kenya (KEMRI) na washirika wake wana kituo tangu 1989. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu 7.8 katika kila 1,000 huko wana kifafa cha kutupa mwili kinachoendelea. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine wa Kilifi ulionyesha kuwa asilimia 62.4 ya wagonjwa hawakuwa na dawa inayotambulika katika damu yao. Kuhusu Parkinson, uchunguzi wa wilaya ya Hai, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 miongoni mwa watu wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaugua nini.

Mtu atauliza, basi, habari za kofia yenye vyanzo 256 zina kazi gani kwa mtu asiyepata kidonge cha bei nafuu? Swali hilo ni la haki, na lisijibiwe kwa ahadi. Hata hivyo, tiba mpya hutangulizwa na habari zake. Redio huzitaja na wanafunzi huzisoma. Zaidi ya hayo, pwani ya Kenya ni mahali ambapo utafiti wa kitiba hufanywa kweli, na fomu za ridhaa hutafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu ridhaa katika pwani hiyo uligundua kwamba wazazi wengi hawakuwa wakitofautisha vyema kati ya kushiriki utafiti na kutibiwa. Mtafsiri wa fomu kama hiyo, ambaye aghalabu ni mtu aliyesomea Kiswahili, ana mkono katika uamuzi wa mgonjwa.

Neno linapobeba historia

Hebu ichukuliwe tafsiri ambayo mwanafunzi mwenye haraka angeitoa kwa jina la tiba hii: "uchochezi usiovamizi wa ubongo wa kina". Kisarufi haina kasoro kubwa. Kimatumizi, ni balaa.

Neno la kwanza ni uchochezi. Katika Tana Delta, mapigano ya mwaka 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya 100, na wanasiasa walishutumiwa kwa uchochezi. Neno lenyewe halina hatia, maana kuchochea kwake kwa asili ni kwa moto na kuni, lakini msikilizaji wa Garsen hatalisikia kwa masikio ya kamusi. Hata "kichocheo" kimejaa mno: katika vitabu vya shule hutumika kwa homoni, kwa kemikali inayoharakisha badiliko, na kwa jambo lolote linaloamsha hisia.

Uvamizi nao ndilo neno la vijiji vilivyoshambuliwa alfajiri. Anayeahidi kwamba tiba yake "si vamizi" amekwisha kulileta wazo la kuvamiwa ndani ya chumba ambamo halikuwamo. Na "ubongo wa kina" si sehemu ya mwili hata kidogo. Ni sifa ya mwanafalsafa.

Zipo njia nyingine, kila moja na kasoro yake. "Kuamsha ubongo" ni kwepesi kueleweka, ila si kweli, kwa maana jaribio la mwaka 2025 lilipunguza shughuli ya ubongo, na kwa mwenye kifafa kinachotakiwa ni kutuliza. "Kusisimua" kunakaribia lakini kunabeba raha na woga kwa pamoja. "Kugutusha" kusifikiriwe kabisa kwa mtu ambaye mwili wake hugutuka bila hiari. Wanafunzi wanaovijua vigezo vya PEGITOSCA wataona kwamba usahihi na uangavu hapa vinavutana, na kwamba kukubalika ndiko kunakoamua.

Yaelekea lililo salama ni neno linalotaja tendo bila kutabiri matokeo yake: kutuma mapigo. "Utumaji wa mapigo katika kiini cha ubongo bila kupasua" ni kirefu, lakini kila neno lake linajulikana sokoni. Neno "umeme" nalo litumiwe kwa hadhari, kwani Kiswahili hakitenganishi umeme wa mawinguni na umeme wa nyaya, na hakuna atakayeukaribisha wa kwanza kichwani mwake.

Kuna tabaka jingine. Mshtuko wa mtoto pwani huitwa nyuni au dege, na majina yote mawili ni ya ndege. Kwa wazee wengi, jina hilo ni maelezo kamili ya chanzo cha ugonjwa. Kifafa nacho humkumbusha msikilizaji kufa, iwe ni asili ya neno au ni mlio tu. Fomu inayosema "ugonjwa wa mapigo ya ubongo" bila kulitaja dege inaweza kupita kando ya mama bila yeye kujua kwamba inamsema mwanawe.

Isitoshe, uangavu si mmoja kwa wote. Kipokomo ni lugha ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kiswahili na Kimijikenda, hivyo Mpokomo huweza kubahatisha maana ya neno jipya kutokana na mzizi wake. Kiorma ni lugha ya Kikushi. Kwa Muorma, "mapigo" ni neno la kujifunza, sawa na "elektrodi". Fomu moja ya Kiswahili, hata ikiandikwa kwa ustadi, haitasomwa kwa usawa katika pande mbili za soko la Garsen.

Sentensi za fomu hiyo zingeweza kuanza hivi: "Kifaa hiki huwekwa nje ya kichwa. Hakikati ngozi wala hakitoboi mfupa. Hutuma mapigo madogo hadi sehemu ya ndani ya ubongo, na huenda usiyahisi. Huu ni utafiti. Kifaa hakijathibitishwa kuwa ni dawa ya kifafa wala ya dege. Usiache vidonge vyako." Sentensi ya mwisho haimo katika makala yoyote ya kisayansi iliyotajwa hapa, na mtafsiri atalazimika kuwaomba watafiti ruhusa ya kuiongeza.